Ufunguo Uliokuja kwa Basi la Morogoro

Basi lilinishusha stendi ya Mbezi Luis, Dar, saa tano na nusu usiku wa Jumanne, miguu imevimba, begani mkoba wa kahawa, mkononi ndoo ya senene niliyoipakata tangu Bukoba kama kichanga. Wiki tano nilikuwa kwa mama. Simu ilikuwa imeingia alfajiri: mama kaanguka bafuni, nyonga. Nikatupa nguo tatu begini, nikapanda boda hadi stendi, gari nikaliacha uani kwetu Kimara, chini ya mwembe. Nililifunga, hilo nakumbuka vizuri. Likalia "tit", taa zikakonyeza. Ilikuwa sauti yake ya mwisho.

Kwenye buti kulikuwa na vitenge vya watu.

Mimi ni fundi cherehani, mnaonifuata hapa mnajua. Pisi kumi na moja za yadi sita sita, sare ya send-off ya Jumamosi, zimenunuliwa Kariakoo duka moja siku moja ili rangi zisipishane. Watu wote nilishawapima. Vipimo viko kwenye daftari, na daftari liko juu ya vitenge, ndani ya buti hilo hilo. Shangazi wa bibi harusi alinipigia nikiwa Singida, akanipigia Dodoma, akanipigia tena tulipokuwa tumesimama Msamvu, stendi ya Morogoro, abiria wakishuka. Kila mara jibu lilikuwa moja: shangazi, ondoa shaka, kesho naanza kukata.

Msamvu hiyo muikumbuke, tutairudia.

Jumatano asubuhi nikatoka na rimoti mkononi. Gari langu ni Prius ya mwaka 2010, ya kubonyeza, ile ambayo rimoti ukiwa nayo mfukoni unashika tu kitasa na mlango unafunguka wenyewe. Nikashika kitasa. Kimya. Nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikabonyeza kwa dole gumba, nikabonyeza kwa hasira, nikaisogeza rimoti hadi ikagusa kioo. Gari limetulia, limejaa majani ya mwembe na mavi ya kunguru, linanitazama.

Wazo la kwanza lilikuwa rimoti imeisha betri. Nikateremka hadi kwa fundi saa pale Kimara Mwisho, akaifungua kwa bisibisi ya saa, akatoa kile kibetri cha mviringo, CR1632, akaweka kipya. Elfu tatu. Kitaa chekundu cha rimoti kikawaka kila nilipobonyeza, nikarudi napiga mluzi. Gari kimya vilevile. Hapo ndipo mzee wetu wa getini aliposogea. Alikuwa amenitazama muda wote na kikombe chake cha chai.

"Mama, ile taa nyekundu ya kwenye dashibodi, ilikuwa inakonyeza kila usiku. Sasa ina kama wiki mbili haikonyezi. Nikajua umeizima kwa simu."

Wiki mbili! Mzee wa watu alikuwa na jibu tangu Novemba. Na alikuwa sahihi kuliko wote waliokuja baada yake: ile taa ya ulinzi ikizimika yenyewe, betri imekufa, na kwenye gari la aina hii betri ikifa milango inakuwa ukuta. Rimoti yangu ilikuwa inapiga kelele zake za redio sawasawa, lakini upande wa pili hapakuwa na sikio. Kipokezi kinakula umeme, na vimota vinavyovuta loki za milango vinakula umeme.

Kwa wasiojua, Prius ina betri mbili. Kubwa ndiyo inayosaidia kusukuma magurudumu, ina volti 201.6, imejificha nyuma ya kiti cha nyuma. Ndogo ni ya volti 12 kama ya gari lolote, ila haipigi stata. Kazi yake ni kuamsha kompyuta, na kompyuta ndizo zinazoiunganisha ile kubwa. Kubwa inaweza kuwa imejaa pomoni, lakini ndogo ikilala hakuna wa kuifungulia mlango. Ni kama tajiri aliyefungiwa chumbani na funguo anazo mtumishi aliyezimia.

Na sasa ua mzima ukajaa wataalamu. Nyumba yetu ina wapangaji wanne na geti moja, na hakuna kitu kinachowatoa wanaume vyumbani Jumatano asubuhi kama gari la mwanamke lililogoma. Baba wa chumba cha mbele, mwenye gari aina ya IST, akasema tulisukume. Nikamwambia limefungwa. Akasema tulisukume hivyo hivyo. Tukajaribu, watu wanne, halikutikisika: liko kwenye P, gia ya kuegesha, na hata ungekuwa ndani usingeweza kulitoa kwenye P bila umeme, kwa sababu kile kigia ni swichi tu. Kijana wa chuo wa chumba cha uani akapendekeza tuvunje kale kakioo kadogo ka pembeni, maana ni kadogo. Mzee wa getini akamwambia, "Mdogo wangu, kadogo ndiko ghali." Sijui bei yake, ila mzee alivyosema nilimwamini.

Mwingine akatoa simu kutuonyesha video ya mtu anafungua gari kwa mpira wa tenisi uliotobolewa. Unaugandamiza kwenye tundu la kitasa, upepo unaingia, loki inaruka. Nilikuwa na kiu ya kuamini, nikamtuma mtoto akatafute mpira. Ukaja mpira wa chandimu wa makaratasi, na mjadala ukafia hapo. Bahati nzuri, maana loki hizi haziendeshwi na upepo. Hata ungeleta pampu ya tairi.

Saa nne akaja fundi. Kaitwa na bodaboda, kaja na bodaboda, begi mgongoni. Akazunguka gari mara mbili, akagonga kioo kwa kucha, akataja elfu sitini. Tukashuka hadi arobaini. Akatoa kabari ya mbao, rula ndefu ya chuma na waya. Wapo wanaoijua kazi hii, nimewaona mjini: wanachomeka kwenye upenyo wa mlango kimfuko wanachokijaza hewa kidogo kidogo, kama kile cha kupimia presha hospitalini, mlango unajiachia nafasi ya kidole, wanapitisha fimbo iliyofunikwa plastiki hadi kwenye kiloki cha ndani. Taratibu kama mtu anatunga uzi kwenye sindano. Huyu wetu alipigilia kabari kwa kiganja, kisha akaizamisha rula kati ya kioo na mlango akaanza kupekecha.

Mimi maisha yangu yote nimeishi na mkasi. Kitu kikichanika naijua sauti yake hata nikiwa chumba kingine. Ule mpira wa kioo ulitoa sauti ya denimu inayoachia mshono.

"Fundi, basi."

"Mama, bado kidogo tu, nimeshaisikia waya."

Ndiyo hiyo iliyonitisha. Ndani ya mlango kuna nyaya za kioo, za loki, za spika, na yeye anazisikia kwa rula. Nikampa elfu kumi ya usumbufu na kikombe cha senene, akaondoka ananuna na anatafuna. Mpira ule hadi leo mvua ikinyesha kwa upepo unaniletea machozi mawili matatu kwenye goti.

Sasa ndiyo akaja dada wa chumba cha tatu, muuza vipodozi, na wazo la kijinga kuliko yote, ambalo ndilo lililoniokoa. Akasema amesikia kwamba mtu mwenye rimoti ya pili anaweza kukufungulia gari kwa simu. Anabonyeza rimoti karibu na simu yake kule aliko, wewe unaweka simu yako kwenye mlango, gari linasikia.

Rimoti ya pili ninayo. Yaani ipo, kwa kaka yangu Morogoro. Mwaka juzi alikaa na gari wiki mbili wakati wa mavuno ya nyanya, na rimoti haikurudi.

Najua, simu inabeba sauti na rimoti inaongea kwa redio; nasema najua sasa, kwa sababu nilikwenda kusoma baadaye. Siku ile nilipiga simu.

"Kaka, ile rimoti ya gari unayo?"

"Ninayo."

"Ishike karibu na simu, ubonyeze ya kufungua."

"Ya kufungua ndiyo ipi? Michoro imefutika."

"Bonyeza zote."

Nikaubandika mgongo wa simu kwenye mlango. Watu tisa tumeinamisha vichwa kama tunaombea chakula. Tukasikia, kwa spika, kuku wa kaka, mke wa kaka akiuliza nani huyo, na vidole vya kaka vikibonyeza plastiki: tk, tk, tk. Gari kimya. Mtoto mmoja akaanza kucheka, na mimi nikacheka, maana nilikuwa sijalala vizuri siku tatu.

Kaka akasema, "Kwani betri imekufa? Sasa si utumie kile cha chuma?"

"Cha chuma kipi?"

"Cha ndani ya rimoti. Pembeni pana kakitu unakasukuma, kinachomoka kijiti cha chuma, kina meno. Mimi huwa nakitumia kutobolea viroba vya mbolea."

Nikaigeuza rimoti yangu. Pembeni, kweli, pana kakitu ka kusukuma. Nikakasukuma. Hakikutoka kitu, kwa sababu palikuwa na tundu tupu. Miaka mitatu nimekuwa nikiamini tundu lile wamelitengeneza ili mtu atungie kamba, na kweli nimetungia kamba, ya kitenge, nzuri tu. Nilipolinunua gari yadi walinipa rimoti mbili. Moja ilikuwa na ufunguo tumboni na nyingine ilishapoteza wake, labda huko huko Japani. Nikampa kaka ile nzima, nikabaki na ganda.

Nikaenda kwenye mlango wa dereva. Chini ya kitasa, mahali ambapo mkono wangu umepita mara elfu, pana tundu la ufunguo. Mlango huo mmoja tu. Mingine yote haina. Nililichukulia kama pambo.

Na usiku wa jana yake, saa moja na nusu, nilikuwa nimekaa dirishani pale Msamvu nanunua mahindi ya kuchemsha. Kaka anakaa Kihonda. Angekuja na boda angenikabidhi dirishani kabla sijamaliza hindi.

Alhamisi asubuhi akaniandikia: "Bahasha ya kaki. Basi limetoka saa 2 na nusu. Kondakta kofia ya bluu. Mpe 5000." Na namba za basi. Hii ndiyo posta yetu na sioni haya kuisifu: simu, majani ya chai, dawa ya mifugo, hati ya nyumba, vyote vinasafiri kwenye droo ya kondakta na vinafika. Kati ya Morogoro na Dar ni kama kilomita 190, lakini ukishaingia Kibaha kilomita zinakuwa ndefu. Bahasha niliishika saa nane mchana. Shangazi wa bibi harusi alikuwa ameshapiga mara sita; mara ya sita nilimwambia nipo kwenye overloki, Mungu anisamehe.

Kijiti chenyewe kidogo, kama urefu wa kidole cha shahada, chembamba, kinanuka urea na kimeshika kutu kwenye ncha. Ua mzima ukatoka tena. Nikakichomeka tunduni. Kikaingia nusu, kikasimama.

Baba wa IST akasema nisukume kwa nguvu. Hapa naomba nisikilizwe na wenye magari ya kubonyeza, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Tundu lile halijawahi kuguswa tangu gari lishuke bandarini. Limekula vumbi la Kimara kiangazi kizima, kisha mvua ya vuli ikalipikia tope. Ufunguo ni mwembamba. Ukivunjikia mle ndani, umehama kutoka shida ya betri kwenda shida ya kubomoa mlango. Nikauchomoa, ukatoka na uji mwekundu kwenye meno.

Nikaingia ndani nikatoka na kopo la mafuta ya cherehani, lile la mdomo mrefu mwembamba, na kabrashi ninakopigia nyuzi kwenye meno ya mashine. Kale kamdomo kaliingia kwenye tundu kana kwamba kalitengenezwa kwa ajili yake. Matone matatu. Subiri. Kijiti ndani, kijiti nje, futa kwa kipande cha kitambaa, matone mawili tena. Baadaye fundi funguo wa Kariakoo alinigombeza, akasema mafuta yanavutia vumbi, ningekwangua risasi ya penseli nikapuliza unga wake mle ndani. Sawa. Penseli sikuwa nayo, nina chaki.

Baada ya kama dakika kumi kijiti kikaingia chote. Nikakizungusha kulia, hakitaki. Nikakirudisha kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto, kulia, kama unavyoibembeleza zipu ya suti ya watu. Kitu ndani kikasema "kla". Nikavuta kitasa na mlango ukafunguka.

Harufu iliyotoka siielezi kwa kirefu. Kulikuwa na nusu chapati ya maharage kwenye kidroo cha mlango. Wiki tano, chini ya mwembe, Dar.

Nikadhani nimemaliza. Nikaenda nyuma, nikabonyeza kale kampira ka kufungulia buti, na nikakumbuka niko wapi: kale nako ni swichi ya umeme. Buti la Prius halina tundu la ufunguo. Na betri ndogo, mnaona utani wa Wajapani, iko ndani ya buti hilo hilo, kona ya kulia, chini ya zulia, chini ya vitenge vyangu.

Basi nikapandisha sketi, nikaingia kwa magoti mlango wa nyuma, niliokwisha kuufungua kwa mkono kutoka ndani, nikavuta kitanzi cha kiti, mgongo wa kiti ukalala, nikatambaa juu yake. Pisi moja baada ya nyingine zikawa zinatokea mlangoni mikononi mwa dada wa vipodozi, ambaye alikuwa anahesabu kwa sauti kubwa kama karani wa pamba. Kumi na moja. Zimekauka, hazijaguswa. Daftari nalo. Kabla hata sijashuka nilimrushia kijana wa boda pisi nne azipeleke kwa mwenzangu Ubungo na karatasi ya vipimo, akate usiku huo huo, maana peke yangu nisingeweza.

Ningeishia hapo, vitenge ndivyo nilivyovitaka. Lakini mama mwenye nyumba alikuwa anasubiri boza la maji kesho yake, na gari langu liko njiani mwa boza.

Baba wa IST akaleta waya za kubusti. Nikavuta kile kimkono cha chini ya dashibodi, ambacho ni cha waya wa kawaida na hakihitaji umeme, boneti ikafunguka. Akatazama. Akatazama tena. "Betri iko wapi?" Nikamwambia nyuma. "Sasa mimi nibusti nini?" Na mkono wake ukawa unaelekea kwenye lile boksi kubwa la aluminiamu, lenye nyaya nene za rangi ya chungwa. Hizo za chungwa ni za ule umeme mkubwa. Haziguswi na mtu asiye na kazi nazo. Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo.

Nikarudi ndani, nikafungua kidroo cha mbele, nikatoa kitabu cha gari. Kijapani kitupu, lakini michoro haina lugha. Kurasa za nyuma nyuma kuna picha ya rimoti na mshale pembeni yake na kijiti kinachomoka. Kitabu kinachofundisha kulifungua gari lililofungika, kimefungiwa ndani ya gari. Nilikaa nacho mapajani dakika nzima.

Mbele kidogo kulikuwa na picha niliyoitaka. Chini ya boneti, ndani ya kisanduku cha fyuzi, pana kifuniko kidogo chekundu. Ukikiinua unakuta kipande cha chuma. Hapo ndipo waya mwekundu unaposhika, ni mlango wa uani wa ile betri ya nyuma. Waya mweusi unashika chuma kitupu kisicho na rangi, boliti yoyote imara ya gari, na unashikwa mwisho. Nilisimamia mwenyewe kila koleo. Ukibadilisha chanya na hasi kwenye gari la kawaida unaweza kuunguza fyuzi ukacheka. Hapa unaweza kuunguza kompyuta, na hizo bei zake sitaki hata kuziota.

IST ikawashwa. Dakika moja hivi. Kisha gari langu likaamka kwa namna ya mtu aliyezikwa akiwa hai: honi, taa zote, kelele hadi mtaa wa tatu. Lilikumbuka kwamba lilifungwa kwa rimoti na limefunguliwa kwa chuma, likatuona wezi. Nikabonyeza rimoti, ile yenye kibetri kipya cha elfu tatu, likanyamaza. Kumbe elfu tatu haikupotea.

Nikaingia, nikakanyaga breki, nikabonyeza. Dashibodi ikawaka, neno READY likatokea la kijani. Kimya.

"Bado haijawaka," akasema baba wa IST.

"Imewaka."

"Mama, injini haijanguruma."

"Imewaka, baba. Ndivyo inavyowaka."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Nikaweka R, gari likarudi nyuma bila sauti, moja kwa moja kuelekea kwenye IST yake, na waya za watu bado zimening'inia. Nikakanyaga breki. Mzee wa getini akacheka mpaka akakaa chini. Tukatoa waya, mweusi kwanza, na injini ikaamua kunguruma yenyewe dakika tatu baadaye wakati kila mtu ameshaondoka.

Nikaliacha kwenye READY saa nzima na nusu huku nakata vitambaa barazani. Halina alternata, umeme wa betri ndogo unatoka kwenye ile kubwa kupitia kigeuzi. Nayasema haya kwa sababu Ijumaa fundi umeme aliyekuja kupima betri alianza na "hapa alternata imekufa", na nikaona raha ambayo si ya Kikristo kumwambia ainyooshee kidole. Betri yenyewe ilikuwa imechoka kweli. Alisema asubuhi imesoma volti 11 na kidogo, na iliyojaa inapaswa kusoma 12.6 au karibu na hapo. Akaniletea betri tatu za kuchagua, zote vichwa vinene na hazina tundu la kibomba. Ya gari langu vichwa vyake vyembamba, na ina kibomba cha kutolea hewa nje, kwa sababu betri inakaa humu tunamokaa sisi. Kuipata ile yenyewe ilinichukua wiki mbili na pesa ambayo ningeshonea sendoff nyingine.

Mwuaji namjua. Wiki tano peke yake si haba kwa betri ya umri ule, kwani kipokezi cha rimoti hakilali, kinasikiliza usiku na mchana kama unarudi. Lakini pia kuna traka. Gari ni la mkopo, na wakopeshaji walichomeka kidude chao chini ya dashibodi kuona nisije nikakimbilia nalo Tunduma. Kinakunywa umeme wangu ili kuwaambia kwamba gari lipo Kimara, chini ya mwembe.

Nguo zilikwisha Jumamosi saa tisa alfajiri, pindo mbili za mwisho nilishona kwa mkono nikiwa nimesimama. Shangazi alisema za mwaka jana zilikaa vizuri zaidi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kariakoo kwa fundi funguo, huyo wa penseli. Chuma kile hakina chipu, chipu iko kwenye rimoti; kijiti kazi yake ni mlango tu, kwa hiyo kukichonga ni kama ufunguo wa kabati. Elfu kumi na tano, dakika ishirini. Nikakijaribu hapo hapo barabarani, mara ya kwanza kikagoma, akakipitisha tupa, mara ya pili kikazunguka. Sasa kinalala kwenye tundu lake ndani ya rimoti, na kamba ya kitenge nimeihamishia kwenye mkasi. Vilevile nimejifunza kwamba ukiwa ndani ya buti, kwenye kifuniko chake, pana kakipande ka plastiki unakabandua, nyuma yake kuna kimkono kinachofungua buti bila umeme. Nimekijaribu mara mbili, mara ya pili mtoto wa dada wa vipodozi akiwa amenimulikia tochi na kuniuliza kama nimefungiwa tena.

Kijiti cha kaka nilikuwa nimepanga kukitunza, kumbukumbu. Jumatatu akapiga simu kabla jua halijachomoza vizuri.

"Dada, mbolea imeshuka. Viroba kumi na viwili. Kijiti changu kiko wapi?"

Kimeondoka na basi la saa tatu, bahasha ya kaki.